Pete ya Rangi ya Ufizi

Hiruma Yasuo aliungama hata kiti hakijapata joto, na hilo ndilo lililomuudhi Sajenti Nirasawa Tomoe. Alikuwa amejiandaa kwa mtu wa kukana. Mtu wa kukana unamzungusha, unamrudisha nyuma, mwisho anajikwaa mwenyewe. Lakini mtu anayekuletea hatia yake mkononi kama zawadi ya mgeni, huyo unamfanyaje?

"Ni mimi," alisema Hiruma. "Nilisahau kupiga kwenye bati. Andika hivyo, Sajenti, nigonge muhuri wangu wa sahihi, yaishe."

"Haraka ya nini? Hata chai hujaionja."

Hiruma alikiinamia kikombe, akanywa chai yote ya shayiri kwa mkupuo mmoja, akakirudisha mezani taratibu. "Nimeionja. Tuendelee."

Alikuwa dereva wa basi la shule ya chekechea, mtu mrefu mwenye shingo ya kuinama inama, anayeomba radhi hata akipishwa njia. Jumapili iliyopita, kwenye uwanja wa michezo ya vita katika vilima vya Chiba, bunduki yake bandia ilimtoboa jicho la kushoto rafiki yake wa tangu shuleni, Togashi Shigeru. Togashi alikuwa fundi wa meno bandia. Madaktari walijaribu, jicho halikuokolewa.

Bunduki ilikuwa pale mezani, ndani ya mfuko wa nailoni. Ilikuwa nakala ya bunduki ya walenga shabaha wa vita vya babu zao, mti kwa mti, chuma kwa chuma, darubini yake imefungwa upande wa kushoto kama ilivyokuwa kwa ile ya kweli. Haikutoa risasi. Ilirusha kwa gesi punje za plastiki ndogo kuliko njegere. Kiwanda kilichoitengeneza kilishafungwa zamani, na wenye nakala kama hizo huzibembeleza kama wagonjwa.

"Hebu nieleze tena habari ya bati," alisema Nirasawa.

"Ukitoka msituni kuja kwenye eneo la kupumzikia, getini kuna pipa la bati. Unatoa magazini, unaingiza mtutu kwenye tundu la pipa, unafyatua mara moja. Kama kuna punje imebaki, inaishia mle, unasikia bati linalia. Baada ya hapo bunduki imekufa. Ndipo watu wanavua miwani ya kukinga macho."

"Na wewe hukupiga."

"Sikupiga."

Nirasawa akafungua jalada, si kwa sababu alihitaji kusoma bali kwa sababu watu huogopa karatasi. "Mama anayesimamia geti anasema ulipiga. Anasema bati lililia. Anakukumbuka kwa sababu kila ukimaliza unaliinamia bati kichwa, kulishukuru. Wenzako wanakucheka kwa hilo."

Masikio ya Hiruma yakawa mekundu. "Yule mama haoni vi..." Akajikata mwenyewe. Habari ya macho hakuweza kuitamka.

"Bwana Hiruma, unanidanganya."

"Nani anadanganya ili ajitie kesini?"

"Ndicho ninachokuuliza."

Hiruma alikaa akitazama kikombe kitupu, na Nirasawa hakupata lingine kwake asubuhi ile.

Bwana Kumagai, mkuu wa kitengo, hakuona tatizo liko wapi. Alikuwa anakula tonge la wali lililofungwa kwa mwani, na alizungumza huku akitafuna. "Mtuhumiwa kaungama. Mlalamikaji yupo. Unataka nini zaidi, wakuimbie?"

"Shahidi anasema bati lililia."

"Shahidi anaona bunduki mia kwa siku. Tomoe, kesi ya namna hii haisimami bila malalamiko ya aliyeumizwa, na Togashi kalalamika akiwa kitandani hospitali, damu haijakauka. Kama anataka kuondoa malalamiko yake, milango iko wazi. Hataki. Funga jalada."

Ni kweli Togashi alikuwa hataki. Maneno yake yalikuwa kwenye jalada: rafiki aliyeshindwa kufanya jambo moja tu, kuliza bati, hafai kushika hata bomba la kumwagilia maua. Na kila mtu alijua maana yake. Hiruma akitiwa hatiani, ile shule ya chekechea haitamwacha aendeshe basi lililojaa watoto wa watu. Alikuwa na umri ambao mtu akitoka kazini harudi kwingine.

Nirasawa alifuata kwanza njia iliyo rahisi. Labda bunduki ilikuwa imeongezwa nguvu kupita kiwango cha sheria, na Hiruma anajificha nyuma ya kosa dogo. Maabara ikaipima, ikamvunja moyo: nguvu ilikuwa chini ya kiwango, bunduki pole kabisa. Akafuata ya pili: labda darubini ilikuwa mbovu. Lakini waliokuwepo walisema wawili hao walikuwa wanapiga picha ya kumbukumbu, Togashi na kamera kwenye jicho la kulia, Hiruma amepiga goti hatua chache mbele yake. Umbali huo hauhitaji darubini. Ilibaki swali moja. Bunduki iliyokufa getini ilifufukaje?

Akaitia bunduki begani akapanda treni kwenda Tokyo, ghorofani juu ya duka la samaki wakavu, kwa mzee Usami.

Usami aliuza vipuri vya bunduki bandia ambazo hakuna tena anayezitengeneza. Duka lake lilikuwa jembamba, wateja wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Ukutani zilining'inia bunduki zilizofunguliwa matumbo, na kwenye kabati la kioo zilipangwa darubini, ndefu na fupi, nyingine zimeota ukungu ndani ya lenzi.

"Usiiweke hapo," alisema kabla hajasalimiwa. "Subiri kitambaa. Nyie polisi mnaweka vitu kama mnatupa taka."

"Shikamoo na wewe, mzee."

"Marahaba. Weka sasa." Alipoona darubini, uso ulilegea. "Aa. Hii ilitoka kwangu. Walihangaika nayo hawa, we acha tu. Darubini yenyewe ilikuwepo, kishikio cha kuifungia ndicho hakuna. Kikatafutwa Osaka, kikatafutwa mpaka mnada wa mtandaoni, wapi. Mwisho nikawauzia bunduki nyingine mbovu, wakaila."

"Wakaila?"

"Unanunua iliyokufa, unaila vipuri vyake. Ndivyo tunavyoishi sisi, kama fisi."

"Hao 'wao' ni akina nani?"

"Wawili. Mmoja mrefu, ameniomba radhi mpaka kwa kugusa mlango. Ndiye mwenye bunduki. Mwingine mfupi, mwenye mikono." Usami alisema 'mikono' kwa heshima, kama wengine wanavyosema 'cheo'. "Yule mrefu analipa na kushika mwavuli. Mfupi ndiye anayechagua. Akigusa kitu anajua kimelika wapi."

Nirasawa alimweleza kilichotokea. Hakutaja majina wala kwamba mwenye mikono ndiye aliyeumia. Usami akatoa bisibisi, akaanza kuifungua bunduki. Alifanya kazi bila kuongea, jambo ambalo kwake bila shaka lilikuwa gumu. Kutoka mahali punje inapoingilia mtutuni alichomoa kimpira cheusi, kifupi, kisha nyuma yake, kwa ncha ya koleo, kitu kama pete ya kidole cha mtoto mchanga. Kilikuwa cha waridi.

"Hii siyo ya kiwanda," alisema.

"Ni nini?"

"Mpira wa bunduki hii haupatikani. Ulikakamaa na kupasuka kwenye zote, miaka imepita. Kwa hiyo watu wanachukua mpira wa bastola. Mfupi. Unaacha pengo. Fundi wako kaziba pengo kwa pete." Aliigeuza kwenye mwanga. "Tazama kazi hiyo. Imesuguliwa mpaka inateleza. Mimi siwezi hii. Hapa Tokyo simjui anayeiweza."

"Basi tatizo halipo."

"Nimesema nzuri, sikusema haina tatizo. Kaa nyuma yangu."

Alirudisha kila kitu mahali pake, akatia punje na gesi, akavuta kipini kuikoki, akapiga kwenye boksi lililojazwa magazeti. Akakoki tena. Akatoa magazini, akaielekeza bunduki kwenye boksi, akafyatua. Punje ikagonga karatasi.

"Hapo ndiyo bati limelia," alisema Usami. "Imekufa. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

Akakoki na kufyatua. Kimya. Alirudia zoezi lote tangu mwanzo, mara tatu, mara nne, na kila mara kimya kilikuwa kilekile, hata Nirasawa akaanza kufikiria treni ya kurudi. Mara ya tano, baada ya bati la karatasi kulia, mzee alikoki bila magazini na kufyatua, na punje ikatoboa gazeti.

Nirasawa aligundua kwamba amejikinga uso kwa mkono.

"Magazini ikitoka, punje iliyobaki shingoni mwa mtutu inatakiwa ianguke," alisema Usami. "Pete ingekuwa imechongwa ovyo, ingeanguka. Hii imebana sawasawa na punje, haina hata nafasi ya unywele. Kwa hiyo mara mojamoja inaishika. Unapiga batini, inatoka ile ya mbele. Ya shingoni imekaa inakusubiri ukoki tena. Uzuri wenyewe ndio ulioponza."

"Anayekoki tena baada ya getini ni nani?"

"Anayepigwa picha. Anataka afanane na mwanajeshi. Kwani anaogopa nini? Bati limelia."

Nirasawa aliuliza ile rangi ni ya nini. Usami alifikiri, akaichomoa pete tena, akaingiza vidole mdomoni, akatoa meno yake ya chini, akayalaza juu ya kitambaa kando ya pete. Ufizi wa meno yale na pete vilikuwa rangi moja, vinang'aa kwa namna moja.

"Lo," alisema mzee kwa mdomo uliobonyea. Alikuwa ameelewa fundi wa pete anafanya kazi gani. Alitazama pembeni, akayarudisha meno yake mahali pake, akamsaidia Nirasawa kufunga bunduki.

Alimkuta Hiruma uani mwa chekechea, akiosha basi. Basi lilichorwa twiga na sungura ubavuni, na Hiruma alikuwa anawasugua kwa kitambaa laini kama anawafuta pua.

"Kakutengenezea Togashi," alisema Nirasawa. "Pete ya waridi. Kaichonga kwa plastiki ya kazini kwake."

Kitambaa kilisimama. Kisha kikaendelea. "Nimeichonga mimi. Mabaki ya plastiki aliniachia yeye, lakini kazi ni yangu."

"Wewe? Chukua hiyo sabuni, nichongee hata jiwe."

"Sajenti, usinitanie."

"Ulijua lini?"

Hiruma alitazama kwanza madirisha ya madarasa, watoto walikuwa wanaimba ndani. "Palepale. Bati nililisikia, mimi nalisikilizaga. Nilipokoki kwa ajili ya picha nikahisi kitu kinasukumwa, kidogo tu, kama chembe ya mchele chini ya jino. Nikasema labda ni ule mpira mpya. Shigeru akaniambia, kaza uso, kaa kama unaua mtu. Nikafyatua ili isikike mlio. Tulikuwa tunacheka."

"Basi huna kosa. Ulifuata utaratibu wote. Nikiandika hivi, na yeye akijua hivi, malalamiko anayaondoa leo. Unabaki na basi lako."

"Na yeye anabaki na nini?"

Nirasawa alimtazama twiga wa ubavuni.

"Jicho limekwenda," alisema Hiruma. "Kwenye kazi yake jicho ni nusu ya mtu. Kimebaki kitu kimoja, mikono. Watu wanakuja kutoka mbali kwa sababu ya ile mikono. Sasa wewe unataka uende ukamwambie mikono yako ndiyo iliyokutoboa jicho. Akiamka asubuhi aitazame na jicho moja." Alikikamua kitambaa. "Acha anichukie mimi. Mimi nipo mbali, anaweza asinione. Mikono yake ataikimbilia wapi?"

"Utafukuzwa kazi."

"Nitafukuzwa."

"Siwezi kuacha kumuuliza, Bwana Hiruma. Kipande hiki kipo kwenye ushahidi. Mwendesha mashtaka ataniuliza kimetengenezwa na nani."

"Mjibu, nimesema mimi." Aliinamisha ile shingo yake ndefu mpaka maji ya sabuni yakamdondokea kola. "Nakuomba, Sajenti. Kwa unyenyekevu wote nakuomba."

Nirasawa alikuwa amezoea watu wanaoomba waachiwe, na kwa hao alikuwa na maneno tayari. Kwa huyu hakuwa na hata moja, na hasira zilimpanda kwa sababu hapakuwa na wa kumkasirikia.

Karakana ya Togashi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Rafu zilijaa vinywa vya plasta, kila kimoja na jina la mtu, na hewa ilinuka nta iliyoyeyuka. Togashi alikuwa ametoka hospitali, bandeji ya duara juu ya jicho la kushoto, na tayari alikuwa ameketi kwenye meza ya kazi. Hakuna kazi iliyokuwa mbele yake.

"Umeniletea tarehe ya mahakama?" aliuliza.

"Nimekuletea swali." Nirasawa aliweka mezani mfuko mdogo wa nailoni wenye ile pete. "Imetoka kwenye bunduki ya Bwana Hiruma. Punje iling'ang'ania hapo. Bati lililia, Bwana Togashi. Shahidi alilisikia. Baada ya hapo punje ya pili ikabaki nyuma kwa sababu ya pete hii. Nimeijaribu, nimeiona kwa macho yangu."

Togashi aliuchukua mfuko, akaiminya pete juu ya nailoni kwa kidole gumba na cha shahada, akaizungusha. Nirasawa alikuwa anamtazama usoni. Kama mtu anaweza kuzimika huku amekaa wima, basi Togashi alizimika.

"Hiruma kasemaje?"

"Kasema ameichonga yeye."

"Hiruma?" Kicheko kilimtoka, kikavu. "Hiruma akimenya tufaha linabaki mbegu."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Nani aliyeichonga?"

Nje, muuza viazi vitamu alipita na gari lake, wimbo wake ukaja na ukaondoka. Togashi aliiweka pete mezani, akaisogeza mbali kidogo, akairudisha.

"Andika alivyosema," alisema.

"Bwana Togashi."

"Andika ameichonga yeye."

"Unajua maana yake? Atapoteza kazi. Ukitamka neno moja hapa, ukaondoa malalamiko, hana kesi. Nachana jalada leo hii."

"Nikiyaondoa, ataniuliza kwa nini." Jicho lake moja lilikuwa limejaa maji, hakulifuta. "Miaka yote hii yule mtu hajawahi kunificha kitu. Hajui kuficha, uso wake ni dirisha. Mara ya kwanza kaficha, na kaficha kwa ajili yangu. Nikiyaondoa atajua kwamba nimejua. Atakuja hapa kuniomba radhi. Ataniinamia kichwa, Sajenti, mimi niliyemfanyia hivi. Siwezi. Bora anione mkatili."

"Hiyo si sababu ya kumwangamiza mtu."

"Najua."

"Basi?"

"Basi siwezi. Nimekwambia siwezi." Alizungumza polepole, kama anayesoma maandishi madogo. "Wewe kama una ushahidi mwingine, andika ukweli wako. Mimi na yeye tutakukana wote wawili."

Nirasawa alikuwa na meno ya mzee mmoja juu ya kitambaa, na sikio la mama mmoja wa getini. Dhidi ya hayo alikuwa na mtu aliyeungama na mtu aliyeumizwa, wanasema jambo moja. Hakuna mwendesha mashtaka Chiba nzima ambaye angesita.

Akatoa karatasi. Akaandika kwamba mlalamikaji ameonyeshwa kipande cha plastiki cha rangi ya waridi, na hakitambui. Kwamba anayaacha malalamiko yake kama yalivyo. Alimsomea kwa sauti. Togashi aliitikia kwa kichwa kila sentensi ilipokwisha, akatoa muhuri wake kwenye droo, akaubonyeza kwenye wino.

Mkono uliochonga pete isiyo na nafasi ya unywele ulishuka, ukagonga meza kando ya karatasi. Aliujaribu tena. Duara jekundu likabaki kwenye mbao, upana wa vidole viwili kutoka mahali palipotakiwa.

"Sioni kitu kiko umbali gani," alisema Togashi kwa sauti ndogo. "Vitu vyote vimelala bapa kama picha. Nisaidie."

Nirasawa akamshika kifundo cha mkono, akausogeza mpaka juu ya jina lake, na akaubonyeza.